Chaguo la Mpenzi wa Maajabu, Kuanzia Ruaha Mbuyuni

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya huanza kukutana na mibuyu baada ya kuipita Mikumi. Kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka bonde zima linajaa miti minene isiyo na majani, matawi yameinuliwa juu kama mizizi. Basi likiingia Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, joto limekaza na wachuuzi wanakimbilia madirishani na vitunguu. Mbele kuna mlima wa Kitonga, na malori yanayokwenda Tunduma yanapumzika kabla ya kuukabili. Ndani ya basi, juu ya kichwa cha dereva, runinga ndogo inaonyesha muvi: joka linatema moto, shujaa anaruka kutoka ghorofani, na sauti ya Kiswahili inaeleza kila kinachotokea.

Kwa mpenzi wa hadithi za maajabu, hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mbuyu huhesabiwa kuwa makazi ya mizimu, na mtoto huonywa asiuzungukie ovyo jioni. Mandhari yenyewe ni hadithi tayari. Mwandishi wa makala haya amekuwa akikusanya filamu na katuni za aina hiyo kwa miaka, na amepanga chaguo lake kwa kipimo kimoja: ajabu iwe na ardhi ya kukanyaga. Jini, shujaa mwenye nguvu za pekee au nchi ya baada ya kifo huingia moyoni pale vinapoota mahali ambapo mtazamaji anapajua, au anaweza kuamini kwamba papo.

Wako wanaodhani njozi ni bidhaa ya Marekani iliyoletwa kwa mikanda ya video. Maktaba ya Kiswahili inawapinga. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani ambayo wajumbe wake hutumwa kwenda kutafuta maarifa nje na kurudi kuteswa. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo wake hautaki. Mtu aliyesoma kisa hicho shuleni hahitaji kufundishwa njozi na Hollywood.

Katika filamu, nafasi ya kwanza ya ubunifu inakwenda kwa Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya. Ilitengenezwa mwaka 2009 na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Ni fupi, dakika 20 na kidogo tu, na maneno yake ni machache sana. Dunia imekwisha kupigana vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao vinasafishwa ili vinywewe tena, na umeme unatokana na miguu ya watu wanaokanyaga mashine za mazoezi. Hata ndoto zimepigwa marufuku. Anayeota huamriwa ameze kidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo kwenye kichupa. Anaunusa, anapotelea ndotoni, na humo anauona mti.

Kuna tendo moja ambalo mtu aliyewahi kuchota maji mbali hawezi kulisahau. Asha anachukua mgawo wake mdogo wa maji ya kunywa, ambao ndio uhai wake wa siku hiyo, na kuumimina kwenye udongo wenye mbegu. Mbegu inachipua. Baadaye anatoroka jangwani kutafuta mahali pa kuipanda, na mwishoni anaifunika na jua kwa mwili wake mwenyewe. Mbegu hiyo inaitwa Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Ukiitazama Pumzi kisha ukapita kwenye mashamba ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, ambako mfereji wa maji ndio tofauti kati ya mavuno na vumbi, hutasema kwamba ni habari za mbali.

Ya pili ni Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, nayo ya Kenya. Msichana aitwaye Kaleche anazinduka nyikani akiwa na gauni la hospitali, hakumbuki kitu. Anafika kwenye hoteli ya kitalii, anakuta kundi la vijana, na anaambiwa ukweli: wote pale wamekufa, na hawataondoka mpaka kila mmoja akubali jambo alilolitenda au kutendewa alipokuwa hai. Hakuna mapembe wala moshi. Kuna nyika, viti vya kupumzikia na watu wenye siri. Filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo.

Tanzania ina Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001 na kuwa filamu ya kwanza ya nchi kupelekwa kuwania Oscar. Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyekaa kimya kwa miaka. Daktari kutoka Marekani anajaribu kumtibu kwa elimu yake, lakini bibi wa kale asiyeonekana na wengine ndiye anayemwendea Samehe na kumwongoza arudi kwenye jeraha la utotoni. Mzimu wa filamu hii haukuja kutisha. Ni jamaa wa ukoo anayedai kusikilizwa, na ndivyo wazee wengi wa nchi hii walivyouelewa mzimu tangu zamani.

Wakazi wa Mbeya wana lao la kudai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu za Kiswahili za video zinaanza kushika soko, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, moja ya filamu za kwanza za kutisha za Kitanzania. Jina la filamu hiyo ni la Kinyakyusa. Monica Wilson, mtafiti wa mila aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya abasyuka, yaani mizimu ya waliotangulia, na namna ukoo unavyowakumbuka na kuwaogopa. Banzi akafuatisha Shumileta, kisa cha jini wa kike. Picha za filamu hizo hazina ufundi wa studio kubwa, na sauti wakati mwingine inakatika. Zimeingia kwenye orodha hii kwa sababu mtengenezaji alikwenda kulitafuta jina la hofu yake Nyanda za Juu Kusini.

Hollywood nayo ina nafasi yake, na haifai kuikataa kwa kiburi. Chui Mweusi (Black Panther), mfalme wa Wakanda, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966 katika jarida la katuni la Fantastic Four. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ikampa Lupita Nyong'o nafasi ya Nakia, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, nafasi ya askari wa kike wa mfalme. Kabla yao, mwaka 1975, Len Wein na Dave Cockrum walimwingiza Storm katika kundi la X-Men: mwanamke anayeamrisha mvua na radi, ambaye mama yake ni Mkenya. Ni wahusika wa kuvutia, ingawa ardhi yao ilichorwa na watu waliokuwa mbali nayo.

Kwenye katuni, heshima ya kwanza ni ya jarida la Sani, lililoanza miaka ya 1970 na kupewa jina kwa kuunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo alimong'ara Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wa jarida hilo, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, si watu wa miujiza. Ni watu wa mtaani. Lakini mkono wa Ndunguru uliwafundisha Watanzania kusoma hadithi kwa picha, jicho likitoka kisanduku kimoja hadi kingine bila kupotea, na wachoraji wengi waliokuja nyuma yake walianza kwa kumuiga. Wasomaji walipozoea, mchoraji aliweza kuwapeleka popote. Baada ya filamu ya Titanic ya mwaka 1997, Joshua Amandus Mtani aliisimulia upya kwa katuni za Kiswahili katika Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic.

Nairobi ilitoa mfululizo wa Pichadithi miaka ya 1980, chini ya Terry Hirst, na jina lenyewe limeunganisha picha na hadithi. Mojawapo ya visa vyake ni Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikimgonga na kudunda. Maadui walimpa binti yao awe mke wake. Siku moja akaugua, akamwomba mke amchanje dawa, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Wembe ulipogusa kivuli, damu ikatoka. Siri ikawa imefichuka, na vita iliyofuata mkuki ulielekezwa kwenye kivuli. Hiki ni kisa kinachohitaji kuchorwa, maana kivuli ni kitu cha kuonekana, na mtoto akikiona kisandukuni hukielewa mara moja.

Nairobi hiyohiyo ndiyo iliyomlea kisanii Frank Odoi, Mghana aliyehamia Kenya na kufariki huko mwaka 2012. Akokhan yake ni njozi kamili, yenye uchawi, mamlaka na vita vya nguvu za kale, yote yakitendeka Afrika na wahusika wakiwa Waafrika. Aliyekuwa amezoea kuona Mwafrika katika katuni akibeba mizigo ya mzungu alikutana humo na Mwafrika anayebeba hatima ya dunia.

Kuna wachoraji wawili zaidi wanaowahusu wasomaji wa Iringa na Mbeya kwa njia ya maji. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake kwenye vilima na nyanda za Usangu, hupita Mtera, huteremka jirani na Ruaha Mbuyuni, kisha Kidatu, na mwisho huingia Rufiji. Hugo Pratt, Mwitaliano aliyeishi Ethiopia utotoni, alimchora baharia Corto Maltese, na katika kitabu cha visa vya Afrika Mashariki kiitwacho Les Éthiopiques akamfikisha Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwenye chama cha siri cha watu-chui wanaotoa hukumu zao gizani. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alikwenda Ziwa Tanganyika. Katika Madame Livingstone ya mwaka 2014, aliyoifanya pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, wanajeshi wa Kibelgiji wanaiwinda meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Wasafiri wa Kigoma wanaijua meli hiyo kwa jina la Liemba. Baruti huchora maji, moshi na nyuso kwa uangalifu wa mtu aliyekaa pale akatazama. Vitabu vyote viwili vilitoka kwa lugha za Ulaya, na vinastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili.

Nafasi ya kwanza ya jumla, kuliko yote yaliyotajwa, ni ya Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitali ili akae nyumbani kijijini. Anampenda Jackie Chan na anaamini kwamba naye angeweza kuwa shujaa. Dada yake anaanza uongo mdogo wa upendo: anamshawishi kwamba ana nguvu kweli. Kijiji kizima kinajiunga. Watu wanaganda barabarani Jo akiinua mkono, wanajifanya kusogezwa na nguvu zake, na mwishoni wanaamua kutengeneza filamu ambayo nyota wake ni yeye. Mmoja wao ni Mike, anayewaonyesha wanakijiji muvi na kuwasimulia kwa sauti yake.

Hapo mtazamaji wa Tanzania anajiona. Kibanda umiza chenye benchi za mbao, kiingilio cha sarafu na sauti ya mtafsiri ndicho kilichowafikishia wengi njozi. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliwafanya mashujaa wa kigeni wazungumze Kiswahili cha mtaani kiasi kwamba watu walichagua muvi kwa kuuliza kwanza kama ni yeye aliyeitafsiri. Supa Modo inaiheshimu kazi hiyo. Katika kijiji cha Jo, miujiza haitoki mbinguni wala maabara. Inatoka kwa majirani waliokubaliana kuitengeneza.

Kwa hiyo ombi la mwandishi wa makala haya linakwenda kwa wenye vibanda vya muvi kuanzia Ruaha Mbuyuni, Ilula na Mafinga hadi Mbeya mjini. Jumamosi moja mchana, watoto wakiwa hawaendi shule, itafuteni Supa Modo kwa njia halali, muweke Pumzi kabla yake, na msitoze watoto kiingilio.