Je, wajua simu inaweza kutambua kifaa unachokinyooshea?

Je, wajua kwamba rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya ilikuwa tochi? Iliitwa Flash-Matic. Eugene Polley aliibuni katika kampuni ya Zenith ya Marekani mwaka 1955, ikiwa na umbo la bastola. Ukimulika kona moja ya televisheni sauti ilizimika, ukimulika nyingine stesheni ilibadilika. Jua likipiga kwenye kioo, televisheni nayo ilijibadilisha yenyewe.

Bluetooth ya kawaida ya simu zetu haijui kunyooshewa hivyo. Inakuletea orodha ya majina, nawe uchague spika yako kati ya saba. Kupima nguvu ya mawimbi hakusaidii sana, kwa sababu ukuta, au hata mwili wa mtu, huyadhoofisha, na kifaa cha karibu kikaonekana kiko mbali.

Teknolojia nyingine ya redio, iitwayo UWB, hupima muda badala ya nguvu. Simu hurusha mpigo mfupi mno wa redio. Kifaa cha pili hujibu baada ya kusubiri muda unaojulikana. Simu huondoa muda huo wa kusubiri, na unaobaki ni wa safari ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo saa za vifaa viwili hazihitaji kuonyesha wakati mmoja, na hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa. Mawimbi ya redio husafiri takriban sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, nayo chipu ya UWB hukadiria umbali kwa kukosea takriban sentimita kumi tu.

Na uelekeo? Simu huwa na antena zaidi ya moja, zilizoachana kwa sentimita chache. Wimbi likija kutoka upande, huigusa moja kabla ya nyingine, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotoa pembe.

iPhone 11 ya mwaka 2019 ilikuja na chipu hii: mwelekezee mwenzako simu, naye anatangulia kwenye orodha ya kutumiwa faili. Mwaka uliofuata Xiaomi ilionyesha simu ikielekezwa kwenye feni au taa, na vitufe vya kuiendesha vikajitokeza kwenye skrini.

Wenye magari wamefaidika pia. Wezi hukuza mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba, gari likadhani mwenyewe yuko mlangoni. Kwa UWB, kuyapitisha mawimbi kwenye mtambo wao huongeza muda wa safari, na gari hubaki limefungwa.