Piana degli Albanesi: Mji wa Sicilia Uliotunza Mila za Wakimbizi

Ukitoka Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicilia nchini Italia, ukaelekea kusini kwa takriban kilomita 24, barabara hupanda milima mpaka Piana degli Albanesi. Mji huu mdogo una wakazi wapatao 6,000. Umekaa mtelemkoni, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na bondeni kuna ziwa lililotokana na bwawa lililojengwa katika miaka ya 1920. Miongoni mwa wenyeji kuna wakulima wa ngano na mizeituni na wafugaji wa kondoo, kama ilivyo katika miji mingi ya milimani kisiwani humo. Lakini vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili: Kiitaliano na Kiarbereshi, yaani Kialbania cha kale ambacho mababu zao walikuja nacho.

Mababu hao walikuwa wakimbizi. Katika karne ya 15 majeshi ya Dola ya Osmani yalikuwa yakiiteka Albania, na shujaa Gjergj Kastrioti Skanderbeg aliyazuia kwa takriban miaka 25. Alipofariki mwaka 1468, ngome zilianguka moja baada ya nyingine, na maelfu ya watu wakavuka bahari kwenda kusini mwa Italia. Kundi mojawapo lilifika Sicilia na kuomba ardhi kwa Askofu Mkuu wa Monreale. Masharti ya kukaa na kulima yaliandikwa katika mkataba wa tarehe 30 Agosti 1488, na hapo ndipo mji ulipozaliwa. Barabara yake kuu hadi leo ina jina la Kastrioti.

Nguzo ya kwanza ya jamii hii ni ibada. Waarbereshi wa Piana ni Wakatoliki wanaomtii Papa wa Roma, ila husali kwa mapokeo ya Kibizanti waliyotoka nayo kwao. Altare husitiriwa na ukuta wa picha takatifu, mkate wa Ekaristi hutiwa chachu, na mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadri. Wakiwa wamezungukwa na Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini, wangeweza kumezwa baada ya vizazi vichache. Padre Giorgio Guzzetta, mzaliwa wa Piana, aliliona hilo mapema. Mwaka 1734 alianzisha seminari mjini Palermo ili vijana wa jamii yake wasomeshwe kwa mapokeo yao wenyewe. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliufanya mji huu kuwa makao ya askofu wa Wakatoliki wa mapokeo hayo kisiwani Sicilia.

Ukitaka kuyaona haya yote pamoja, nenda wakati wa Pasaka. Jumapili ya Matawi inapokaribia, waimbaji hupita nyumba kwa nyumba wakiimba habari za kufufuliwa kwa Lazaro, na wenye nyumba huwapa mayai. Jumapili hiyo kiongozi wa ibada huenda kanisani akiwa amepanda punda. Siku ya Pasaka yenyewe, baada ya Liturujia, wanawake hutoka kanisani wakiwa wamevaa mavazi ya jadi na kuandamana kwenye barabara kuu hadi uwanjani, ambako mayai yaliyotiwa rangi nyekundu hubarikiwa na kugawiwa watu.

Mavazi hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Sketi ni ya hariri nzito, imetariziwa maua kwa nyuzi za dhahabu. Kiunoni hufungwa brezi, mshipi wa fedha wenye bamba kubwa mbele, na juu ya bamba hilo huchongwa sura ya mtakatifu, mara nyingi Mtakatifu George juu ya farasi wake. Brezi ni pambo la mwanamke aliyeolewa. Huvaliwa siku ya harusi, na baadaye hurithiwa na mabinti. Kanisani, siku hiyo ya harusi, maarusi huvishwa mataji na kunywa divai katika bilauri moja, ambayo kisha huvunjwa ili mtu mwingine asiinywee tena.

Watu hawa hawakujifungia katika sherehe zao. Katika miaka ya 1890 daktari Nicola Barbato, mzaliwa wa Piana, aliwaongoza wakulima kudai haki mbele ya wenye mashamba makubwa, na wanawake wa mji walikuwa mstari wa mbele. Tangu enzi zake wakulima walizoea kuadhimisha Mei Mosi huko Portella della Ginestra, uwanda ulio kati ya milima karibu na mji. Tarehe 1 Mei 1947, familia zikiwa zimekusanyika hapo, genge la jambazi Salvatore Giuliano liliwamiminia risasi na kuua watu 11. Kila Mei Mosi watu hurudi palepale kuwakumbuka.

Tumezoea kusema mwacha mila ni mtumwa, tukidhani mila hupotea kwa ukaidi wa vijana. Piana inaonyesha kwamba mila hudumu inapokuwa na kazi ya kufanya na mtu wa kuilea. Brezi haijabaki kwenye kabati la makumbusho kwa sababu bado kuna bibi harusi anayeihitaji, na ibada imedumu kwa sababu kulikuwa na shule ya kuwaandaa mapadri. Lugha ndiyo inayohitaji ulezi zaidi leo. Sheria namba 482 ya mwaka 1999 ilikitambua Kialbania miongoni mwa lugha za jamii ndogo nchini Italia na kukifungulia milango ya shule na ofisi. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mtoto hujifunza lugha kwanza kwa wanaomlisha na kumbembeleza, na kazi hiyo hakuna sheria inayoweza kuifanya kwa niaba ya wazazi.