Kisu cha umbo (useremala)

Kisu cha umbo ni kisu cha mashine ambacho makali yake yamesagwa kufuata sura ya pambo linalotakiwa kuchongwa kwenye mbao. Hutumika hasa kuchonga papi za mapambo, yaani mbao nyembamba zenye mabonde na migongo zinazozunguka milango, madirisha na dari. Papi zilizonyooka huuzwa madukani kwa sura chache za kawaida. Lakini mlango ukiwa na tao juu yake, au papi za nyumba ya zamani zikiwa hazitengenezwi tena, seremala hulazimika kuagiza kisu kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye maungio. Kipande cha tao hukutana na vipande viwili vilivyonyooka, na kila bonde na kila mgongo lazima viendelee bila kukatika. Tofauti ya milimita moja tu huonekana kwa macho, na rangi haiwezi kuificha.

Mashine

Kisu cha umbo hufungwa kwenye mashine ya spindeli. Hii ni meza ya chuma yenye mhimili uliosimama wima katikati yake. Juu ya mhimili hukazwa kichwa chenye visu viwili au zaidi, na fundi husukuma mbao dhidi ya mwelekeo wa mzunguko. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 120 kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha za visu huenda kwa mwendo wa mita 44 hivi kwa sekunde.

Mbao iliyonyooka huongozwa na ukingo ulionyooka wa meza. Mbao ya tao haiwezi kuongozwa hivyo. Hufungwa juu ya kiolezo cha plaiwudi kilichokatwa kwa mpindo unaotakiwa, na kiolezo hicho huegemea beringi iliyovishwa kwenye mhimili. Kwa mpindo wa ndani, nusu kipenyo cha kichwa lazima iwe ndogo kuliko ile ya mpindo wenyewe, la sivyo visu havitaufikia.

Mashine hii huchonga vizuri ubavu wa mbao. Pambo likienea kwenye uso mpana wa tao, kisu hulazimika kufika mbali juu ya mbao. Hapo mafundi huchonga kwa awamu kutoka kingo zote mbili, au hutumia mashine yenye mhimili wa mlalo unaopita juu ya mbao.

Kwa nini sura ya kisu si sura ya mbao

Wengi hudhani kwamba inatosha kuchora sura ya papi kwenye kisu na kusaga. Sivyo. Uso wa kisu hauelekei moja kwa moja kwenye kitovu cha mhimili. Umelala kwa pembe ili ukate badala ya kukwangua. Kwa sababu hiyo, sura kwenye kisu lazima iwe na kina kikubwa kuliko ile ya mbao.

Mfano: ncha ya kisu iko milimita 60 kutoka kitovu, na papi inahitaji kina cha milimita 20. Sehemu ya kisu inayokata kwa kina kidogo kabisa itakuwa milimita 40 kutoka kitovu. Tuseme mstari wa uso wa kisu unapita milimita 20.5 kando ya kitovu. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa pointi hizo mbili kwenye uso wa kisu ni:

√(60² − 20.5²) = 56.39
√(40² − 20.5²) = 34.35

Tofauti yake ni milimita 22.04. Kisu kikisagwa kwa kina cha milimita 20 tu, mbao itapata kina cha milimita 18.2 hivi, na papi ya tao haitalingana na iliyonyooka.

Kutokana na hesabu hiyo, kisu kilichotengenezwa kwa kichwa kimoja hakitoi sura ileile kikifungwa kwenye kichwa cha kipenyo au pembe tofauti. Njia rahisi ni kuchonga vipande vyote, vya tao na vilivyonyooka, kwa kichwa na visu vilevile.

Kuagiza

Msagaji wa visu huhitaji kipande halisi cha papi, kilichokatwa kwa pembe mraba. Kikikatwa mshazari, sura yake hurefuka. Rangi ya zamani iondolewe kwanza, kwa kuwa hujaza mabonde. Aelezwe pia kipenyo cha mhimili, aina ya kichwa, mwelekeo wa mzunguko, upande wa mbao utakaolala mezani, mpindo mdogo kabisa na aina ya mbao. Feleji ngumu husagwa kwa urahisi na hutosha kwa kazi chache. Tungsteni kabaidi hudumu zaidi lakini ni ghali. Visu vya jozi lazima viwe na uzito sawa, kwani visipolingana kichwa hutetemeka.

Usalama

Katika sehemu fulani ya tao, nyuzi za mbao huelekea kinyume na ukataji. Kisu kinaweza kupasua mbao au kuirusha kuelekea kwa fundi. Hivyo huchongwa kidogo kidogo, kiolezo kikiwa na vishikio vinavyoweka mikono mbali na visu. Kiwango cha Ulaya EN 847-1 kinataka vichwa vya kusukumia mbao kwa mkono viwe na vizuizi, ili kisu kisichomoze zaidi ya milimita 1.1 mbele ya kizuizi. Vichwa hivyo huandikwa MAN, pamoja na kasi ya juu inayoruhusiwa. Kasi hiyo haipaswi kuzidishwa kamwe, hata kama mashine ina uwezo huo.