Wimbo Hutoka Wapi: Mtunzi Kijana na Malighafi ya Maneno ya Kila Siku

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu mtunzi kijana wa nyimbo ni mahali anapoyapata maneno yake, na jibu lililozoeleka ni kwamba amejaliwa kipaji, jibu ambalo lina ukweli ndani yake lakini halielezi lolote kuhusu kazi yenyewe ya kutunga. Kipaji mtu huzaliwa nacho, ilhali utunzi ni kazi yenye hatua zinazoweza kuelezwa, kufundishwa na kurudiwa, kuanzia usikilizaji wa maneno hadi usahihishaji wa mstari wa mwisho. Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa kumtazama mtunzi wa Bongo Fleva, yaani muziki wa kizazi kipya uliokua Dar es Salaam katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya rap na mitindo mingine ya kigeni na lugha, mahadhi na midundo ya nyumbani. Hoja inayotetewa ni kwamba malighafi ya wimbo wa Kiswahili imo katika mazungumzo ya kila siku ambayo kila mtu huyasikia, na kwamba mtunzi hutofautiana na wasikilizaji wenzake kwa namna anavyoyapima maneno hayo na kuyapanga upya.

Wataalamu wa fasihi hutumia neno ilhamu kwa maana ya msukumo wa ndani unaomfanya msanii atunge. Msukumo huo huonekana kama unatoka mbinguni kwa sababu huja ghafla, lakini ukichunguzwa kwa makini hubainika kwamba umetanguliwa na muda mrefu wa kusikiliza: kijana aliyekulia Temeke au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, amesikia wito wa makondakta wa daladala, mabishano ya kijiweni, masimulizi ya saluni, nasaha za wazee msibani, mipasho ya kinamama harusini na majina ya khanga, yaani misemo iliyochapwa kwenye vazi hilo. Maneno ya namna hii yana sifa tatu zinazoyafanya yafae kwa wimbo, nazo ni ufupi, mdundo wa asili unaotokana na kurudiwa rudiwa, na fumbo, yaani maana ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya wazi. Jina la khanga humlenga mtu bila kumtaja, na wimbo mzuri wa mapenzi au wa malalamiko hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa msikilizaji hupewa nafasi ya kuliingiza jina analolijua mwenyewe.

Njia hii ya kutunga ina mizizi mirefu katika Afrika Mashariki. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, hakupata elimu ya darasani na katika ujana wake alitembea akiuza vyungu, lakini mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, na maisha yake yakaandikwa na mwandishi Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni Kijiti, uliotungwa kutokana na kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja, na wimbo huo ulihifadhi hasira ya watu kuhusu jinsi haki ilivyokosekana katika kesi ya mauaji hayo. Habari iliyokuwa ikizungumzwa mitaani ndiyo iliyogeuzwa kuwa wimbo, na kwa kuwa wasikilizaji waliifahamu, mtunzi hakuhitaji kueleza kila kitu, akaelekeza nguvu zake kwenye uchaguzi wa maneno machache yenye uzito.

Mfano wa pili ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kupata umaarufu akiwa na bendi ya Super Matimila kwa nyimbo zilizozungumzia kifo, umaskini na unyonge. Wimbo wake wa Mambo kwa Soksi ulihimiza matumizi ya kondomu katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukiua watu wengi huku jambo lenyewe likionewa haya, na fumbo la soksi, lililotokana na kifaa cha kawaida kabisa cha kuvaa, liliwawezesha watu kulizungumza hadharani lile walilokuwa wakilinong'ona. Msanii wa Bongo Fleva Professor Jay naye, katika Ndio Mzee, wimbo uliomo katika albamu yake ya mwaka 2001, aliuchukua mkutano wa kampeni za uchaguzi kama ulivyo, mgombea akimwaga ahadi zisizowezekana na umati ukiitikia, akaufanya mwitikio huo wa umati kuwa kiitikio cha wimbo, yaani sehemu inayorudiwa baada ya kila ubeti. Hapa maisha ya kila siku hayakutoa maudhui peke yake, kwa sababu yalitoa pia umbo la wimbo, na mtunzi kijana anayejifunza kuona umbo lililomo ndani ya tukio amepiga hatua kubwa.

Ili kazi hiyo ionekane kwa karibu, ufikiriwe wito wa kondakta wa daladala wakati abiria wamesongamana mlangoni huku katikati ya gari kuna nafasi: "Songeni ndani jamani, mlangoni kuna watu." Mtunzi mwenye sikio lililozoea ushairi atagundua mara moja kwamba wito huo una mizani kumi na sita, mizani ikiwa ni idadi ya silabi zinazotamkwa katika mstari, na kwamba umegawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane, ambavyo ni ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na utao, yaani kipande cha pili. Huo ndio urefu wa mshororo uliozoeleka katika shairi la Kiswahili, ambalo kanuni zake zilifafanuliwa na mshairi Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954. Katika hesabu hiyo, herufi "m" iliyoko mwanzoni mwa neno "mlangoni" huhesabiwa kuwa mizani kamili kwa sababu hutamkwa peke yake kama silabi, ilhali "nd" na "ng" katika "ndani" na "songeni" huungana na irabu zinazozifuata na hazipewi mizani yake.

Hatua inayofuata ni kuupatia mstari huo mwenzake wenye vina vinavyolingana, kina kikiwa ni silabi inayofanana mwishoni mwa vipande. Kwa kuwa takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kulinganisha irabu peke yake ni jambo jepesi mno lisilomridhisha msikilizaji, na ndiyo maana washairi husisitiza silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. Mstari wa kwanza una vina vya "ni" na "tu", hivyo wa pili unaweza kuwa: "Mlioketi vitini, wakumbukeni wenzetu." Vina vimelingana na mizani imetimia, lakini jambo kubwa zaidi limetokea katika maana, kwa sababu kiti katika Kiswahili ni mahali pa kukalia na ni cheo pia, kwa hiyo maneno yaliyokuwa ya kupanga abiria yamegeuka kuwa malalamiko ya vijana waliosimama nje ya mlango wa ajira na madaraka. Kondakta hakusema hayo, wala mtunzi hakuyazusha. Maana ilikuwamo tayari katika lugha, ikasubiri mtu wa kuiweka mahali pake.

Mstari ukishapata maneno, huingia katika mtihani wa melodi, yaani mpangilio wa sauti za juu na za chini unaoimbwa. Neno la Kiswahili, isipokuwa machache, huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "jamani" hukaziwa katika "ma", na "watu" katika "wa". Katika mistari miwili iliyotolewa, mizani ya saba ya kila kipande ndiyo inayobeba mkazo wa mwisho, na hapo ndipo panapofaa kutua pigo zito la ngoma. Ukwapi wa mstari wa kwanza una mikazo mitatu, katika mizani ya pili, ya nne na ya saba, wakati vipande vyote viwili vya mstari wa pili vina mikazo miwili tu, katika ya nne na ya saba, na tofauti hiyo huufanya mstari wa kwanza uwe wa kusukumana na wa pili uwe wa kutiririka. Mtunzi asiyezingatia jambo hili huangusha pigo zito mahali pasipostahili, na neno zuri likasikika kama limetamkwa na mgeni wa lugha. Athari hiyo inaweza hata kubadili maana, kama inavyodhihirika katika "barabara", ambalo mkazo ukiwa katika silabi ya tatu ni njia ya magari, na ukiwa katika silabi ya pili ni sawasawa au vizuri kabisa.

Mazingira ya kazi hii yamebadilika sana. Katika bendi za muziki wa dansi wimbo ulijengwa na wanamuziki wengi mazoezini, kila mpigaji akichangia gitaa, besi au tarumbeta, kisha ukarekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio za binafsi, na studio ndogo kuongezeka mijini, mtunzi kijana alianza kupokea biti, yaani mdundo uliotengenezwa tayari na prodyuza kwa kompyuta, kisha akatafuta maneno ya kuyapandisha juu yake. Wengi huanza kwa kuimba sauti zisizo na maana ili kuipata melodi kwanza, wakijirekodi kwa simu, na wengine hutumia mitindo huru, yaani kughani papo hapo bila kuandika. Njia hizi zina faida ya wepesi, lakini zina hatari yake: melodi iliyotangulia hudai maneno ya urefu fulani, na mtunzi mwenye haraka hujaza nafasi kwa maneno yaliyokwisha kutumiwa na kila mtu. Dawa yake ni akiba, yaani daftari au kumbukumbu ya simu yenye misemo, majina, mizaha na masikitiko aliyoyasikia kwa muda mrefu, ili biti inapofika mtunzi awe na maneno ya kuchagua.

Usahihishaji ndio unaomalizia kazi. Kiitikio kinapaswa kushikika na mtu aliyekisikia mara moja akiwa njiani, na ubeti unapaswa kuleta jambo jipya kila unaporudi, la sivyo wimbo unabaki wazo moja lililovutwa. Kipimo cha kuaminika ni kuusoma mstari kwa sauti bila ala yoyote, kwa maana mstari unaosimama bila biti utasimama hata biti hiyo itakapopitwa na wakati. Sambamba na ufundi kuna adabu, kwani msiba wa jirani au siri ya rafiki ni malighafi inayoumiza, na fumbo ambalo Kiswahili kimelilea katika khanga na taarabu humpa mtunzi uwezo wa kusema kweli bila kumwanika mtu.

Kazi iliyotungwa kwa jasho hilo inastahili ulinzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania hulinda namna wazo lilivyowasilishwa, haimpi mtu umiliki wa wazo lenyewe wala wa msemo wa mtaani, kwa hiyo wito wa kondakta ni wa wote, lakini ubeti uliotungwa kutokana nao ni mali ya aliyeutunga. Ni vyema basi kijana aandike makubaliano na prodyuza kabla ya kuingia studio, asajili kazi yake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), na asome kanuni za ushairi wa lugha yake kwa bidii ileile anayoitumia kutafuta biti. Walimu wa Kiswahili nao, wanaofundisha vina na mizani kwa ajili ya mtihani, wana wajibu wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba elimu hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya nyimbo wanazoziimba kila siku.