Rukuu na Mgongo wa Binti

Mama anayemfunza binti yake rukuu, awe Mbinga mjini au Mbamba Bay ufukweni, na asimame nyuma yake autazame mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, huenda uti umepinda. Wapo wanaolaumu ndoo ya maji, wengine uchawi (tunajilinda kwa Allah). Mara nyingi chanzo hakijulikani.

Baibui huficha maradhi haya, nayo huzidi mwili unaporefuka kwa kasi, miaka 10 hadi 16. Uzito huelemea upande mmoja, binti akayumba. Eksirei ikionesha mpindo wa nyuzi 10 au zaidi, huitwa skoliosisi. Mtaalamu wa fiziotherapia humzoesha kusimama kwa mguu mmoja, kukaza misuli ya kiwiliwili na kujisahihisha mbele ya kioo. Mazoezi hayanyooshi mfupa uliokwisha komaa, nasi tumeona wazazi wakingoja hadi posa iletwe.