Kwale ni namba tasa: hesabu ambayo wazee wetu waliijua sokoni

Katika orodha ya kaunti 47 iliyo kwenye Katiba ya 2010, Mombasa ni 1, Kwale 2, Kilifi 3, Tana River 4, Lamu 5 na Taita Taveta 6. Watani wetu wa Mombasa wakijisifu kwa kutangulia, mimi huwajibu kwamba 1 si namba tasa, ilhali 2 ndiyo namba tasa ya kwanza, tena ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Huo ni utani, lakini ndani yake mna somo ambalo watoto wetu wa Diani na Msambweni hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kuona kazi yake.

Tuanze na nazi. Ukiwa nazo 36, waweza kuzipanga mafungu sawa kwa njia ngapi? Tafuta jozi: 1 mara 36, 2 mara 18, 3 mara 12, 4 mara 9, 6 mara 6. Simama hapo, maana ukiendelea jozi zitajirudia: 9 mara 4 ni ile ile 4 mara 9. Namba hizo zote, yaani 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36, ndizo vigawo vya 36.

Sasa ongeza nazi moja. Zikiwa 37, ama uziweke fungu moja, ama uzitawanye moja moja. Njia nyingine hakuna. Namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, ndiyo huitwa tasa. Namba 1 ina kigawo kimoja, ndiyo maana haimo.

Kuitambua namba tasa hakuhitaji kujaribu kila namba. Gawanya kwa namba tasa ndogo, 2, 3, 5, 7 na kuendelea, hadi ufikie ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inapita namba yako. Kwa 37, 7 mara 7 ni 49, imeshapita. Basi 2, 3 na 5 zatosha. Jihadhari na 91. Haigawiki kwa 2, 3 wala 5, na wengi huiita tasa, kumbe ni 7 mara 13.

Vigawe navyo ni namba unazopata ukizidisha: vya 4 ni 4, 8, 12, 16 na kuendelea. Hapa wazee wetu walikuwa mabingwa. Wamijikenda, Wadigo na Waduruma wakiwemo, walikuwa na juma la siku nne, na soko lilifuata juma hilo. Jina la Jumwa, wanaloitwa wanawake wengi wa Pwani, ni jina la mojawapo ya siku hizo.

Chukulia soko la siku nne limeangukia Ijumaa. Litakalofuata ni Jumanne, kisha Jumamosi, Jumatano, Jumapili, Alhamisi, Jumatatu, ndipo lirudi Ijumaa. Zimepita siku 28, ambayo ndiyo namba ndogo kabisa iliyo kigawe cha 4 na pia cha 7. Vitabu huiita kigawe kidogo cha shirika.

Tazama jinsi soko lilivyozuru siku zote saba bila kuruka hata moja. Ni kwa sababu 7 ni tasa na haina kigawo cha pamoja na 4 ila 1. Lau juma la kawaida lingekuwa la siku sita, 4 na 6 zinashirikiana 2. Soko lingezunguka siku tatu tu, na siku tatu nyingine zisingelipata kamwe.

Nasisitiza haya kwa sababu mtoto akiamini hesabu ni mali ya watu wa mbali, huiogopa mapema na kuiacha mapema. Mpe kokwa 24 za ukwaju azipange mafungu sawa kwa kila njia, kisha uondoe moja aone kinachotokea kwa 23. Akimaliza, mpeleke kwa bibi yake amuulize siku nne za juma la zamani ziliitwaje.