Maoni ya Watumiaji Katika Kuandika Upya Maelekezo ya Programu za Kompyuta

Kila programu ya kompyuta inayotumika katika kazi za umma huandamana na kurasa za maelekezo. Kurasa hizo ndizo zinazomweleza mtumishi afungue nini, aandike wapi, ahakiki vipi, na afanye nini pindi mashine inapokataa. Zikiwa na kasoro, kazi haisimami. Huendelea, lakini kwa kukisia. Kwa sababu hiyo, wakati unapofika wa kuziandika upya, haitoshi kumtafuta mwandishi hodari. Ni lazima watafutwe pia wale wanaozisoma, na hasa wale walio mbali zaidi na ofisi inayoziandika.

Ili jambo hili lieleweke vyema, yafaa utazamwe mfano wa mahali pa mbali. Usoke ni kata ya Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora, kandokando ya Reli ya Kati, upande wa magharibi wa mji wa Tabora. Imo katika nchi ya Wanyamwezi, ambamo katika karne ya 19 ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Unyanyembe, hadi Ujiji. Kwa wakaazi wa Visiwani nchi hiyo si ngeni, kwani mizigo ya misafara mingi ilinunuliwa na kufungwa Unguja. Mizigo hiyo ina fundisho linalohusu moja kwa moja jambo linaloelezwa hapa.

SHANGA ZA UNGUJA, WANUNUZI WA BARA

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwapo Unguja akitayarisha msafara wa kumtafuta Livingstone. Wakati huo nguo, shanga na waya ndizo zilizotumika kama fedha njiani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872 alieleza taabu aliyoipata katika kuchagua shanga. Shanga nyekundu zilipokewa vizuri Unyamwezi. Shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani yoyote. Na aina nyingine zilizopendwa Ujiji zilikataliwa kila mahali pengine. Msafiri aliyekosea kuchagua alibebesha wapagazi mzigo usiomnunulia hata kibaba cha nafaka. Stanley hakuweza kulijua hilo kwa kuzitazama shanga dukani. Ilimbidi awaulize wafanyabiashara waliokwishafika bara.

Mzigo ulifungwa Unguja, lakini thamani yake iliamuliwa na mtu aliyekuwa mwendo wa miezi kutoka pwani. Kurasa za maelekezo ya kompyuta ni mzigo wa namna hiyo hiyo. Huandikwa na wataalamu mjini, pengine katika nchi nyingine kabisa, kisha thamani yake huamuliwa na mtumishi aliye peke yake mezani, mwenye kazi mkononi na watu wanaomsubiri mlangoni.

MFANO WA KISANDUKU KITUPU

Tanzania Bara, vituo vya kutolea huduma za afya hutumia mfumo ujulikanao kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza katika miaka ya 1990. Mfumo huo una vitabu vyenye nambari: Kitabu Na. 5 ni cha wagonjwa wa nje, Na. 6 ni cha wajawazito, na Na. 7 ni cha watoto. Takwimu za kila mwezi hujumlishwa kutoka katika vitabu hivyo na kuingizwa katika programu ya DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na washirika wake, na inayotumika katika nchi zaidi ya 70. Kufikia mwaka 2014 programu hiyo ilikuwa imeenea katika wilaya zote za Bara.

Ichukuliwe, kwa kueleza tu, kwamba ukurasa wa maelekezo una sentensi hii: "Jaza visanduku vyote vinavyohusika." Kwa aliyeiandika, sentensi hiyo haina kasoro. Sasa iwazwe mikononi mwa muuguzi wa zahanati ya kijiji katika eneo kama la Usoke. Mwezi huu hakupokea mtoto yeyote mwenye ugonjwa fulani. Je, kisanduku cha ugonjwa huo kinamhusu? Muuguzi mmoja ataona hakimhusu, akiache kitupu. Mwenzake wa kijiji cha pili ataandika 0. Wote wawili wametii maelekezo.

Taarifa zinapofika wilayani, 0 ina maana moja tu: wagonjwa hawakuwapo. Kisanduku kitupu kina maana tatu: wagonjwa hawakuwapo, au walikuwapo wasihesabiwe, au ukurasa haukujazwa. Anayejumlisha hana njia ya kuzitofautisha. Akikichukua kisanduku kitupu kuwa ni sifuri, ugonjwa uliokuwapo hutoweka katika karatasi, na makisio ya dawa ya miezi inayofuata hupungua. Hapo ndipo sentensi moja ya maelekezo inapomgusa mama aliyempakata mtoto mwenye homa, ambaye hajapata kuiona kompyuta hiyo wala ukurasa huo.

Kasoro ya namna hii haitibiwi kwa kumkaripia muuguzi. Hutibiwa kwa sentensi nyingine: "Usiache kisanduku kitupu. Kama hakuna mgonjwa, andika 0. Kama hukuhesabu, mwarifu msimamizi kabla ya kutuma." Lakini mwandishi hawezi kujua kwamba sentensi hiyo inahitajika mpaka amwone mtu akikwama.

KWA NINI MWANDISHI HAONI

Anayeijua kazi huisoma sentensi kwa kuijaza yale anayoyajua. Msomaji mgeni hana cha kuijazia. Tena, watu wengi hawasomi maelekezo tangu mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ya 1980 mtafiti John Carroll, akiwa katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichunguza watu waliokuwa wakijifunza kutumia kompyuta. Aliona kwamba wao huanza kutenda kwanza, huruka kurasa, na hurudi kwenye kitabu pale tu wanapokwama. Kutokana na hayo alihimiza vitabu vifupi vinavyoanza na kazi ya mtumiaji, na vinavyoeleza namna ya kurekebisha kosa lililokwishatokea. Kitabu chake juu ya jambo hili kilichapishwa mwaka 1990.

NJIA ZA KUKUSANYA MAONI

Njia zifuatazo ndizo zinazotumika zaidi, na kila moja ina mahali pake:

(a) Kumtazama mtumiaji akifanya kazi. Mtumiaji hupewa kazi halisi, kwa mfano kuingiza taarifa ya mwezi, pamoja na ukurasa unaotaka kurekebishwa. Huombwa aseme kwa sauti anachokifikiri kadiri anavyoendelea. Njia hii ilielezwa na Clayton Lewis wa IBM mwaka 1982. Mtazamaji hasaidii wala hasahihishi. Huandika tu mahali ambapo mtumiaji amesita, amerudi nyuma, au amesoma mstari mmoja mara mbili.

(b) Kuhesabu maswali yanayoulizwa. Kila ofisi ya wilaya yenye mtu anayepigiwa simu watu wanapokwama ina hazina ya maoni. Maswali hayo yakiandikwa katika daftari kwa miezi mitatu, pamoja na tarehe na jina la ukurasa unaohusika, yataonesha kurasa zipi hazieleweki.

(c) Kupanga vikaratasi. Vichwa vya habari vya kurasa zote huandikwa kila kimoja katika kikaratasi chake. Watumiaji huombwa wavipange katika mafungu wanayoona yanafaa, na kulipa kila fungu jina. Mara nyingi mtaalamu hupanga kurasa kwa sehemu za programu, ilhali mtumishi huzipanga kwa siku za kazi yake: mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi, siku ya kuagiza dawa.

(d) Swali fupi chini ya ukurasa: "Je, ukurasa huu umekusaidia?" Swali hili ni rahisi na huwafikia wengi, lakini jibu la "hapana" halisemi ni mstari gani uliomshinda msomaji. Aidha, asiye na mtandao wa uhakika hajibu kabisa, na huenda yeye ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote.

Kuhusu idadi ya watu, Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionesha mwaka 1993 kwamba watu wachache hutosha kufichua kasoro nyingi. Kwa hesabu yao, iwapo kila mtumiaji kwa wastani hukumbana na asilimia 31 ya kasoro zote, watumiaji 5 watafichua takriban asilimia 85. Ni bora basi kutazama watu 5, kurekebisha, kisha kutazama wengine 5, kuliko kutazama 15 kwa mara moja. Hata hivyo hesabu hiyo inafaa kwa watu wa aina moja. Watumishi 5 wa makao makuu hawawezi kuwa badala ya watumishi wa Usoke, kama vile mnunuzi wa Ugogo asivyoweza kumchagulia shanga mnunuzi wa Unyamwezi.

ADABU YA MGENI NA UZITO WA MANENO

Mambo mawili huharibu maoni hata pale njia iliyotumika ni sahihi. La kwanza ni adabu. Mgeni kutoka wilayani au wizarani akiuliza, "Je, maelekezo haya ni mazuri?" atajibiwa kwamba ni mazuri. Si uongo, ni heshima, kama vile mgeni wa heshima asivyoambiwa kwamba amekosea njia mpaka aulize. Tena mtumishi huchelea kuonekana kwamba yeye ndiye hajui. Kwa hiyo inapasa kueleza tangu mwanzo kwamba unaopimwa ni ukurasa, si mtu, na kwamba majina hayatapelekwa kwa mkuu wa kazi. Swali nalo ligeuzwe: "Mtumishi mpya akija kesho, ni mstari upi hapa utakaomkwamisha?" Mtu aliyenyamaza juu ya shida yake mwenyewe atalijibu swali hilo kwa urefu.

La pili ni maneno. Mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humlazimisha mfasiri kuchagua: kompyuta au tarakilishi, neno la siri au nywila, bonyeza au bofya. Kamusi inaweza kuyakubali yote. Lakini katika ukurasa wa maelekezo neno bora ni lile ambalo msomaji halisimamii, na anayelijua ni msomaji mwenyewe. Likishachaguliwa, litumike lile lile katika kurasa zote, na lifanane na lililoandikwa katika kioo cha kompyuta. Ukurasa ukisema "hifadhi" na kitufe kikasema "tunza", mtumiaji atakitafuta kitufe ambacho hakipo.

UZOEFU WA ZANZIBAR

Visiwani kuna uzoefu unaostahiki kukumbukwa. Baada ya mfumo wa taarifa za afya wa DHIS kuanza kutumika Zanzibar mwaka 2005, ziliendeshwa warsha za kila robo mwaka ambamo maofisa wa wilaya walileta takwimu zao wenyewe, wakazieleza mbele ya wenzao, na wenzao wakazihoji. Matokeo yalielezwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012. Ubora wa takwimu uliongezeka, na fomu pamoja na viashiria vilirekebishwa kutokana na yaliyogunduliwa na watumiaji wenyewe. Siri ya warsha hizo ni kwamba hazikuwauliza watu wanaonaje. Ziliwapa kazi yao waitazame, na kasoro za vifaa vyao zikajitokeza zenyewe. Hivyo ndivyo inavyofaa pia kwa kurasa za maelekezo.

KUYATUMIA MAONI YALIYOPATIKANA

Maoni yakishakusanywa hayapigiwi kura. Huenda watu 20 wakalalamikia rangi ya ukurasa, na mmoja tu akaonesha kisanduku kitupu. Yapangwe kwa madhara: kwanza yale yanayoleta takwimu zisizo sahihi au kupoteza kazi iliyokwishafanywa, pili yale yanayochelewesha, tatu yale ya mapendeleo. Ukurasa mpya ujaribiwe katika vituo vichache kabla ya kuenezwa kote, uandikwe tarehe yake juu, na ule wa zamani uondolewe ukutani, kwani karatasi mbili zinazopingana ni mbaya kuliko moja yenye upungufu. Na pale ambapo umeme na mtandao si wa uhakika, ukurasa uweze kuchapishwa kwenye karatasi moja na bado usomeke.

Hatimaye, waliotoa maoni warudishiwe majibu: lipi limefanyika, lipi halikufanyika, na kwa sababu gani. Mtumishi aliyeona sentensi yake imeingia katika maelekezo ya nchi nzima atasema tena atakapoulizwa. Aliyeulizwa mara moja na asisikie lolote, mara ya pili atasema kwamba kurasa zote ni nzuri, na kisanduku kitaendelea kuachwa kitupu.